Samaki Aliyekataa Kula

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Rawiya huchota maji ya kuoga kwenye birika. Birika la nyumba yao si lile la kuchemshia chai. Ni hodhi ya mawe na chokaa iliyojengwa kwenye pembe ya chumba cha kuogea, na ukingo wake humfika Rawiya kifuani. Nyumba nyingi za zamani za mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, zina hodhi kama hiyo. Ndani ya maji huishi samaki wadogo, urefu wa kidole, na sakafuni mwa hodhi limejengewa bakuli la kaure. Maji yakipungua, samaki hupata mahali pa kukaa mpaka birika lijazwe tena.

Asubuhi hiyo Rawiya alitia kata ya kuchotea majini polepole. Samaki wote wakatoweka ndani ya bakuli. Alipoitoa kata, wakaanza kuchungulia mmoja mmoja.

"Bibi!" aliita. "Kwani samaki hulala?"

Bi Tima, mama wa baba yake, alikuwa jikoni akikaanga mahamri. "Muulize mwenyewe," alijibu. "Na mkimaliza mazungumzo yenu, uniletee mai." Bi Tima aliyaita maji "mai", kama wazee wengi wa Lamu.

"Na wakikosa watoto wa mbu, watakula nini?"

"Wewe mwana! Hata jogoo hunyamaza kukishapambazuka. Vaa uende skuli."

Nyumbani maswali ya Rawiya hayakuwa na mwisho. Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Muhula uliopita, walipokuwa wakijifunza jinsi maji yanavyokauka na kuwa mvuke, aliinua mkono na kuuliza, "Maji ya bahari yakikauka, mbona chumvi haikauki?" Fahmi, aliyekaa dawati la nyuma, aliropoka kabla mwalimu hajafungua kinywa: "Ikauke iende wapi, Profesa? Ikaunge mchuzi mawinguni?" Darasa zima likaangua kicheko. Kengele ikalia, na swali likabaki bila jibu. Tangu siku hiyo aliitwa Profesa Chumvi.

Tangu siku hiyo pia, kipindi cha sayansi kilipoanza, tumbo lake lilikaza na viganja vikalowa jasho. Maswali yalimjia kama kawaida, lakini hakuyatoa. Alikaa ameinamisha kichwa, akiomba mwalimu asitaje jina lake.

Muhula huu Gredi ya Sita ilipata mwalimu mpya wa sayansi, Mwalimu Kemunto, aliyetoka Kisii. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akiuliza swali, alisubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kurefu kiasi kwamba wanafunzi walianza kutazamana.

Siku hiyo alianza kwa kumkaribisha Kagendo, binti wa askari polisi, aliyekuwa amerudi baada ya kuugua malaria. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha karibuni, na mbu walikuwa wengi. Hata ndani ya hodhi ya shule, ambamo wanafunzi walinawa mikono na kutawadha, viluwiluwi wa mbu walionekana wakijipinda na kujinyoosha juu ya maji.

"Tunawezaje kuwapunguza mbu?" Mwalimu Kemunto aliuliza.

"Kulala ndani ya chandarua!"

"Kupuliza dawa!"

"Kuhamia Nairobi!" alisema Fahmi, na wenzake wakacheka.

Rawiya alimnong'oneza Kagendo, "Kwetu kuna samaki wanaokula watoto wa mbu." Alisema kwa sauti ndogo sana, lakini Kagendo hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Mwalimu! Rawiya anasema kwao kuna samaki wanaokula viluwiluwi!"

Mwalimu Kemunto alimgeukia. "Mimi nimetoka bara, Rawiya. Sijawahi kuona samaki chumba cha kuogea. Umejuaje kwamba wanawala?"

Rawiya alisimama. "Bibi amesema."

"Bibi yake ni daktari wa samaki!" alisema Fahmi.

Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. Kisha akasema, "Huenda Bibi anasema kweli. Lakini sisi wenyewe tutajuaje?"

Rawiya alikuwa bado amesimama. Hofu ilimwambia akae, lakini swali lilikuwa zuri, na jibu lilimtoka kabla hajalizuia. "Tuwaweke pamoja kwenye chupa, tuone."

"Vizuri. Na chupa nyingine iwe na viluwiluwi peke yao. Kwa nini?"

"Ili tujue kama hawafi wenyewe tu," alijibu Fahmi. Alipogundua kwamba amejibu swali la maana, alijikuna kichwa.

"Basi Rawiya, Kagendo na Fahmi mtakuwa kundi moja," alisema Mwalimu Kemunto. "Alhamisi ni Siku ya Sayansi. Wazazi watakuja, na afisa wa afya atakuja. Rawiya ataeleza mlichokiona."

*

Bi Tima alipopata habari hiyo, alifurahi kupita kiasi. Alimchagua samaki yeye mwenyewe, akamtia ndani ya chupa pana ya kioo iliyokuwa ya achari, pamoja na maji ya birika. Kufikia jioni majirani wote walikwisha kuambiwa.

"Mjukuu wangu atasomesha Alhamisi," alisema. "Nami nitakaa mbele."

Jumatatu, shuleni, watoto waliweka viluwiluwi ishirini katika kila chupa, wakafunika midomo ya chupa kwa vipande vya chandarua, na kuziweka dirishani ili kila mtu azione vizuri. Darasa lote lilikuja kutazama. Wengine walibandika nyuso zao kwenye kioo, wengine wakakigonga kwa kidole.

Jumanne asubuhi Rawiya alikimbia kwenda kuhesabu. Viluwiluwi walikuwa ishirini. Alihesabu tena, ishirini. Samaki alikuwa chini kabisa ndani ya chupa, hatikisiki, ameelekeza kichwa ukutani.

"Amefunga," alisema Fahmi. "Tumsubiri magharibi."

Magharibi ilipita, na Jumatano asubuhi hali ilikuwa ile ile. Katika chupa zote mbili baadhi ya viluwiluwi walikuwa wamejikunja kama koma, tayari kugeuka mbu.

Wakati wa mapumziko wenzao walitoka nje kucheza. Kundi la Rawiya lilibaki mbele ya dirisha.

"Kesho utasema nini?" aliuliza Kagendo.

Rawiya alimwona Bi Tima akilini mwake, amekaa mstari wa mbele na buibui lake jipya. Aliwaona majirani. Alijiona amesimama akisema, "Samaki wa Bibi hali viluwiluwi," na kicheko kile cha muhula uliopita kikianza upya, safari hii na wazazi ndani yake. Na Bibi angechekwa pamoja naye.

Fahmi alitoa kijiko mfukoni. "Mimi nimefikiri. Tuwatoe kumi na tano kwa kijiko. Samaki ataonekana amekula, Bibi yako atafurahi, sote tutapigiwa makofi. Nani atajua?"

"Mimi simo," alisema Kagendo. "Baba yangu akinitazama machoni tu, nitasema yote."

"Basi tazama chini. Rawiya, shika."

Rawiya alikishika kijiko. Alijua si sawa. Lakini tumbo lilikuwa limekaza, na kijiko kilionekana chepesi kuliko kusimama mbele ya watu. Alifunua chandarua na kukizamisha kijiko polepole, kama alivyozoea kutia kata birikani.

Samaki akashtuka. Alizunguka chupa mara moja, kisha akaja kujibanza chini ya kijiko chenyewe, mahali palipokuwa na kivuli.

Rawiya alisita. Alikisogeza kijiko upande wa pili. Samaki naye akahama, akajibanza tena kivulini.

"Unachezea nini? Kengele italia," alisema Fahmi.

"Ngoja. Mbona anafuata kivuli?" Rawiya alikisogeza kijiko mara nyingine. "Unaona? Nyumbani nikitia kata, wote hukimbilia ndani ya bakuli. Hapa hana bakuli. Hana pa kujificha. Jua linampiga, na sisi tunamkodolea macho kutwa." Alikuwa akisema haraka, na tumbo lake alikuwa amelisahau. "Labda hakukataa kula. Labda anaogopa!"

Fahmi alimtazama samaki, kisha akamtazama Rawiya. "Hata mimi," alisema polepole, "siwezi kula nikitazamwa."

"Wewe?" alisema Kagendo. "Wewe unakula hata ukifukuzwa na punda."

Wote watatu walicheka. Rawiya akakitoa kijiko kikiwa kitupu, akarudisha chandarua, akakifuta kijiko maji na kumrudishia mwenyewe.

*

Mwalimu Kemunto alikuwa katika chumba cha walimu. Rawiya alisimama mlangoni. "Samahani, Mwalimu. Jaribio langu limeharibika."

"Limeharibikaje?"

"Samaki hali."

"Mbona unaniomba msamaha? Kwani ni wewe uliyekataa kula?"

Rawiya alitaka kucheka, lakini bado alikuwa na la kusema. "Nilitaka kuwatoa viluwiluwi kwa kijiko, ionekane kama amewala."

Mwalimu aliweka kalamu mezani. "Ukawatoa wangapi?"

"Hata mmoja."

"Ni nini kilichokuzuia?"

"Samaki alijificha chini ya kijiko. Nikataka kujua kwa nini."

Uso wa Mwalimu Kemunto ulikuwa mpole. "Umefanya vema kuniambia," alisema. "Ungewatoa wale viluwiluwi, kesho watu wangekupigia makofi, nawe hungejua kamwe lolote juu ya samaki huyu. Sasa niambie, unataka kufanya nini?"

"Nimfunike kwa kitambaa cheusi. Nimtilie na bakuli."

"Chagua kimoja. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililofanya kazi."

Rawiya alifikiri. "Kitambaa."

Mchana alipokwenda nyumbani kula, alimwomba Bi Tima kipande cha buibui kuukuu. Alimweleza pia ukweli wote, kwa sababu hakutaka aupate mbele za watu.

"Samaki wangu hali?" Bi Tima alishika kiuno. "Haiwezekani! Mama yangu aliwafuga, na mama yake pia."

"Nafikiri wanakula, Bibi. Lakini nafikiri tu. Sijaona bado. Na kesho nitawaambia watu kwamba mara ya kwanza hakula."

Bi Tima alifungua kasha, akatoa buibui la zamani na mkasi. "Mimi miaka yote nimesema wanakula," alisema. "Wala sijapata kukaa nikawatazama. Kata kipande kikubwa."

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, kundi liliizungushia chupa ya samaki kitambaa kile, likaacha upenyo mdogo juu kwa ajili ya hewa. Chupa ya pili ilibaki kama ilivyokuwa. Rawiya alitamani sana kuchungulia, lakini alijua kwamba mwanga ungemtisha samaki tena. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

*

Alhamisi darasa lilijaa. Bi Tima alikaa mbele kama alivyoahidi. Kando yake alikaa Bwana Patroba, afisa wa afya, mtu mrefu mwenye miwani. Zamu ya kundi la Rawiya ilipofika, Kagendo alishika chupa iliyofunikwa, Fahmi akashika ile nyingine. Rawiya alisimama katikati. Magoti yalimtetemeka chini ya sketi. Aliamua kuyaacha yatetemeke.

"Tulitaka kujua kama samaki wa birika hula viluwiluwi wa mbu," alianza. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Kwa siku mbili za kwanza samaki hakula hata mmoja."

Watu walinong'onezana. "Lakini siyo kosa lake!" Bi Tima alisema kwa sauti, na darasa zima likacheka.

Rawiya alikisikiliza kicheko kile. Hakikumchoma. Hata yeye alitabasamu, na alipoendelea, sauti yake ilikuwa imenyooka. Alieleza habari ya kivuli, ya bakuli la birika, na ya kitambaa. "Ndani ya chupa hii sijui kuna nini," alisema. "Hatujachungulia. Tutaona pamoja."

Akakivuta kitambaa. Samaki alishtuka na kukimbilia chini. Fahmi aliinama, akahesabu kwa sauti, kidole kikifuata kila kiluwiluwi.

"Wanne," alisema. Akahesabu upya, maana hakuamini. "Walikuwa ishirini. Wamebaki wanne, wala hakuna mbu hata mmoja! Na katika chupa hii isiyo na samaki, viluwiluwi kumi na saba, na mbu watatu wanaruka chini ya chandarua."

Makofi yalilia. Bi Tima alimpiga Bwana Patroba begani kana kwamba walikuwa ndugu. Lakini Bwana Patroba alikuwa ameinua mkono.

"Kazi nzuri," alisema. "Nina swali moja. Samaki huyu alikaa siku mbili bila kula. Utajuaje kwamba ni kitambaa kilichomfanya ale? Huenda ni njaa tu."

Rawiya hakuwa amefikiria jambo hilo. Akavuta pumzi.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyecheka. Ndani ya ukimya ule swali lilianza kumvutia, kama kivuli cha kijiko kilivyomvutia jana yake.

"Lakini tunaweza kujua," aliendelea. "Nitachukua samaki wawili birikani wakati mmoja, wote wawe wametoka kula nyumbani. Mmoja nimfunike, mwingine nimwache wazi. Tuone nani ataanza kula."

Bwana Patroba alivua miwani, akaifuta. "Hilo ndilo jibu nililolitaka," alisema. "Mkishajua, nipeni habari. Nami nataka kujua."

*

Walifanya jaribio hilo wiki iliyofuata. Samaki aliyefunikwa alikula karibu viluwiluwi wote. Yule aliyeachwa wazi alikula wawili. Mwalimu Kemunto akawaambia warudie kwa samaki wengine, na mara ya pili tofauti ikawa ile ile. Ndipo walipowahamishia samaki kwenye hodhi ya shule. Bi Tima alitoa bakuli la kaure lenye ufa, na Fahmi akaingia hodhini, suruali ameikunja mpaka magotini, kulitegemeza kwenye pembe yenye giza. Baada ya muda, Kagendo alipochungulia majini, hakumwona kiluwiluwi hata mmoja.

Siku hiyo, kipindi cha sayansi kilipoanza, Fahmi aliinua mkono. Hakuropoka. Alisubiri mpaka akatajwa.

"Mwalimu, kuna swali aliuliza Rawiya muhula uliopita, nikamcheka. Tangu Alhamisi ile halinitoki kichwani." Alimtupia Rawiya jicho la aibu. "Maji ya bahari yakikauka, mbona chumvi haikauki? Inabaki wapi?"

Darasa lilimgeukia Rawiya. Yeye alikuwa amekwisha kuinua mkono. "Tuchote maji ya bahari kwenye sahani, tuyaanike juani. Na sahani nyingine iwe ya maji ya mvua."

"Kesho mlete sahani mbili," alisema Mwalimu Kemunto. Kisha akaegemea meza, akawatazama wote, wale waliozoea kujibu na wale waliozoea kuinamisha vichwa.

"Mlimwona samaki yule dirishani," alisema. "Sote tulidhani hajui kula. Alijua sana, ila aliogopa, kwa sababu tulimzunguka, tukamkodolea macho na kumgongea kioo. Nimewaona watoto wa namna hiyo katika kila darasa nililofundisha. Kwa hiyo anayeuliza hapa msimgongee kioo. Nawe unayeogopa, kuogopa hakumaanishi kwamba huna akili. Rawiya alitetemeka mbele yetu sote, akasema ukweli, akasema hajui, kisha akaenda kutafuta. Sayansi haihitaji zaidi ya hapo. Haya, nani ana swali?"

Mikono mingi iliinuka. Mmoja ulitoka pembeni kabisa, wa mtoto ambaye mwaka mzima hakuwahi kusema neno, na Mwalimu Kemunto akaanza na huo.